Mbuzi wa Tatu Kutoka Wote

Wiki jana niliwaacha nikiwa na kipande cha mbavu mdomoni, na shangazi yangu Syokau amenishika mkono ananivuta nyuma ya jikoni. Najua kuna waliokasirika. Msomaji mmoja ameniambia eti mimi napenda kuwakatia watu utamu. Pole, ndugu yangu. Hata mimi siku hiyo nilikatiwa.

Kwa wewe unayenikuta leo, naitwa Katunge, binti ya Mzee Kitonga wa Matinyani, mzee wa kanisa na mtu wa heshima zake. Nina diploma ya ujenzi. Mwaka huu nilipata bahati mbili kwa mpigo. Mzee Musyimi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Wote, Makueni, alisema atanisomesha digrii ya biashara. Huyo ni babake Jonah, na Jonah ni mpenzi wangu. Upande wa pili, Injinia Hibaq, aliyenisimamia nikifanya mafunzo ya kazi kwenye mradi wa maji kule Mutomo, alinipatia mfadhili wa digrii ya Engineering Management, Nairobi. Mfadhili alitaka jibu siku hiyo hiyo ya sherehe, kabla ya ofisi kufungwa. Nisipojibu, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Moyoni nilikuwa nimeshachagua Nairobi. Nilikuwa bado sijamwambia mtu.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya shukrani, baba ndiye aliyeiandaa. Asubuhi Jonah alileta mbuzi watatu kwa pickup, akasema ni pongezi kutoka kwao. Wawili wakachinjwa, wa tatu akafungwa kwenye nguzo ya zizi. Mchana wazee wa Wote nao wakafika, wakakuta nyama iko motoni, wakafurahi mno. Kila mtu akala.

Haya, sasa tuko nyuma ya jikoni.

"Umemeza?" shangazi akaniuliza.

"Nimemeza."

"Ai, Katunge! Na baba yako?"

"Baba alianza zamani. Saa hii yuko kwa figo."

Shangazi akajishika kichwa kwa mikono miwili. Huyu ndiye aliyenilea tangu mama aondoke duniani, na si mwanamke wa kushtuka ovyo.

"Wewe, mtu akikuja kukupongeza analeta mbuzi ngapi?"

"Mmoja?"

"Mmoja. Na anakuja na wazee wa fimbo? Na wakifika kwa lango wanauliza nani amesimama upande wa baba ya msichana?"

"Shangazi, unanitisha."

"Ogopa tu, mwaitu, mama yangu. Hiyo si pongezi. Hiyo ni ntheo."

Ninyi wa mbali, ngoja niwaeleze. Kwetu Ukambani mbuzi wa ntheo ndio ndoa yenyewe. Gauni na keki ni mapambo ya baadaye. Wazee wa mvulana wanaleta mbuzi, wazee wa msichana wanakula, na kutoka hapo msichana ana kwao kwingine. Hata akizeeka bila pete, ni mke wa watu. Sasa baba alikuwa amekula. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimekula, tena nikaongeza mchuzi.

Nilimkuta baba kando ya hema, ameketi na mfupa wake.

"Baba, hawa mbuzi ni wa nini?"

"Wa pongezi. Si uliambiwa?"

"Shangazi anasema ni wa ntheo."

Baba akawatazama wale wazee wa Wote na fimbo zao, akatazama sahani, akanitazama mimi. Mfupa ukamtoka mkononi. Hapo nikajua mzee wangu hakujua kitu. Alikuwa amemwoza binti yake huku akiitisha chumvi.

"Baba, twende tuwaambie hukujua. Ni makosa tu, wataelewa."

"Niseme nini?" Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini kali. "Mimi Kitonga nisimame mbele ya kanisa lote niseme nimekula ntheo ya mtoto wangu bila kujua? Nitatembea wapi Matinyani hii?"

"Baba, ni digrii yangu. Jibu linatakiwa leo."

"Nilijua," akasema.

"Baba!"

"Nimesema nilijua. Na unyamaze."

Akainama, akaokota mfupa, akaupangusa kwa kitambaa kama mtu asiye na haraka. Nampenda baba yangu. Lakini dakika ile nilimchukia, na sitaki kuwadanganya.

Sijakaa sawa, nikasikia kipaza sauti kikigongwa. Mzee Musyimi alikuwa amesimama.

Wacha niseme ukweli wake. Mzee Musyimi si mtu mbaya. Ningependa sana awe mbaya, kazi yangu ingekuwa rahisi. Ni mtu mpole, anasalimia hata watoto, na ukiingia dukani kwake anakuuliza habari za mvua kabla ya kukuuliza unataka nini.

"Watu wa Matinyani," akasema, "sisi watu wa Makueni leo tumepata mke."

Vigelegele! Kina mama wa kwaya wakaruka juu. Wengine walikuwa hawajui wanapiga vigelegele vya nini, lakini vigelegele ni vigelegele.

"Na huyu si mke wa kukaa jikoni. Huyu atasoma biashara. Jioni na wikendi anasoma, mchana anashika duka. Nimezaa vijana wanne, na Jonah yuko hapo anisikie, hakuna hata mmoja anaweza kuuza msumari. Huyu msichana anaweza."

Makofi. Mchungaji akasema amina. Baba, mkono kwa goti, naye akasema amina, tena kwa nguvu. Nikasimama.

"Mzee, samahani. Mimi ningependa kusoma Engineering Management."

Sauti moja ya mzee ikatoka nyuma: "Hiyo ni nini? Ni injinia ama ni meneja?"

"Ni zote mbili."

"Mtu mmoja atakuwa zote mbili aje? Asubuhi injinia, jioni meneja?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikawaambia habari ya kile kisima cha Mutomo nilichokikuta kimesimama. Pampu ilikuwa mpya. Injinia wa kuitengeneza alikuwepo, na kamati ilikuwa na pesa benki. Kilichoharibika ni mpira mdogo tu wa kuzuia maji yasivuje, wa kuenea kiganjani. Injinia alisema kununua si kazi yake. Kamati ikasema haijui kinachonunuliwa. Kina mama wakarudi mtoni kuchimba mchanga kutafuta maji, na pampu mpya iko pale inang'aa.

"Hapo hakukukosekana injinia wala pesa," nikasema. "Alikosekana mtu wa katikati. Mimi nataka kuwa huyo mtu."

Nikaona Injinia Hibaq, aliyekuwa ameketi upande wa kina mama na buibui yake, akitingisha kichwa kukubali.

Mzee Musyimi akatabasamu. "Umesema vizuri, mwanangu. Lakini sikia na mimi. Kisima kinaweza kukauka. Duka halikauki. Na huo mpira wa pampu ungenunuliwa wapi? Kwangu, Wote. Kaa hapo kwa kaunta ukiwa na akili yako, na utasaidia visima vyote vya Mutomo bila kukanyaga matope."

Watu wakapiga makofi tena, na mimi nikabaki nimesimama. Kilichoniuma zaidi ni kwamba jibu lake lilikuwa zuri. Hata mimi, kwa sekunde moja, nilijiona kwa ile kaunta, feni inazunguka, Jonah ananiletea chai. Nikaogopa jinsi nilivyopenda picha hiyo.

Hibaq akanionyesha simu yake kwa mbali, akija kwangu.

"Katunge, dadangu, hawa watu wa ofisi wako karibu kufunga. Nipige ama nisipige?"

"Nipe dakika kidogo, Injinia."

"Dakika ni zako. Mimi nangoja. Ofisi ndiyo haingoji."

Nikamfuata Jonah. Alikuwa amejificha nyuma ya tangi la maji, anachora chini kwa kiatu. Kijana mrefu, mzuri, na siku hiyo alionekana mdogo kama amepungua.

"Jonah, ulijua?"

"Nilisema ni pongezi."

"Jonah."

"Nilijua."

Nikahisi kama nimechapwa. Nilikuwa nimejiandaa asikie kwangu kwa mara ya kwanza, akasirike, aje tusimame pamoja. Kumbe mwenzangu ndiye aliyefunga mbuzi kwa pickup.

"Kwa nini usiniambie?"

"Ungekataa. Ungesema tungoje kwanza umalize. Na ukienda Nairobi hurudi, Katunge, wacha kunidanganya. Utapata injinia mwenzako. Mimi nitabaki na misumari ya mzee. Mzee akasema tukitoa ntheo utatulia."

"Ningekungoja. Ungeniuliza tu, ningekungoja!"

"Sasa si umekasirika?"

"Nimekasirika sana!"

Macho yakamjaa maji. Na mimi, mjinga wa mapenzi, nikatamani kumfuta machozi. Nikajizuia.

"Hata hivyo," akasema, "sijui kama hiyo ntheo imeshika."

"Unamaanisha nini?"

"Si unajua nani alichinja?"

Nilijua, sote wa nyumbani tulijua. Baba alifanya kazi Garissa miaka mingi kabla hajastaafu, na anajua adabu za Waislamu kuliko baadhi ya majirani zetu. Hibaq alipofika asubuhi na ndugu yake Abdiwahab, anayesafirisha ng'ombe kwa lori, baba hakutaka wageni wake wanywe soda tu. Akampa Abdiwahab kisu. Abdiwahab akanawa, akaelekea Kibla, akasema Bismillahi, akachinja mbuzi wote wawili. Tukaona ni ukarimu tu.

"Mbuzi wa ntheo huchinjwa na wazee," Jonah akasema. "Mimi nilikuwa nimesimama pale karibu. Ningemzuia."

"Na kwa nini hukumzuia?"

"Sijui. Nilitaka iwe, na nilitaka isiwe."

Nikamwacha na tangi lake. Nilirudi hemani nikitembea haraka mpaka viatu vikaniuma, nikasimama mbele ya Mzee Mbaluka, yule mkubwa wa wazee wa Wote, ambaye hata Musyimi akimwona anavua kofia.

"Mzee, shikamoo. Mbuzi wa ntheo anachinjwa na nani?"

"Marahaba. Na wazee wetu na wa kwenu, wakiwa pamoja. Mtu wa nje hagusi kisu. Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu hamjauliza nani amechinja hawa."

Wazee wakatazamana. Mmoja akaacha kutafuna. Mzee Mbaluka akainua fimbo yake juu.

"Nani alishika kisu hapa?"

Abdiwahab akasimama, mikono imelowa mafuta. "Mimi. Kuna shida? Wallahi mimi mzee aliniambia ni karamu, nichinje, tule. Hata nikamwambia ahsante."

Mngesikia kelele! Huyu anasema ntheo imeharibika, yule anasema nyama ni nyama, shangazi yangu anasema yeye alijua tangu mwanzo. Mzee Musyimi taya linamcheza. Mzee Mbaluka akamgeukia baba.

"Kitonga. Wewe ulijua hii ni ntheo yetu?"

Sasa ona mtego aliojitegea mzee wangu. Akisema alijua, basi alichukua ntheo ya watu akaipa mgeni achinje makusudi, na hilo ni tusi ambalo wazee hawa wangelibeba mpaka Wote na wasilishushe. Akisema hakujua, yeye ndiye mzee aliyemla binti yake na chumvi. Na mchungaji yuko hapo, na kwaya iko hapo, na majirani wote wako hapo.

Baba akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshasema yangu.

"Sikujua," akasema.

"Sema tusikie."

"Sikujua!" Baba akasimama, akavua kofia yake. "Nilidhani ni nyama ya kula. Nimekula kama mjinga. Na huyu mtoto alikuja akaniambia niseme ukweli, nikamfokea. Mnisamehe. Na yeye anisamehe."

Mtu mmoja akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Mimi machozi yalikuwa yananitoka bila ruhusa. Ile chuki ya kando ya hema ikayeyuka yote. Nikajua ameshalipa mbele ya watu kitu anachokipenda kuliko shamba lake, na amelipa kwa ajili yangu.

Nikadhani yameisha. Hibaq naye alidhani hivyo, maana alikuwa ameshaweka simu sikioni.

Mzee Musyimi akainuka taratibu.

"Basi hakuna aliyemtukana mwenzake," akasema. "Kitonga hakujua. Sasa anajua. Na mbuzi mmoja bado yuko."

Vichwa vyote vikageuka zizini. Mbuzi wa tatu alikuwa pale kwenye nguzo, anakula maganda ya ndizi, hana habari.

"Achinjwe na wenyewe, mbele ya kila mtu, tule tukijua tunachokula. Kuna atakayelalamika?"

Wazee wakakubali. Mchungaji akakubali. Jamani, hata mimi nikaona ni haki! Kisu kikaoshwa, kikapita mkono kwa mkono, kikafika kwa baba. Baba akakishika. Hakwenda zizini. Akanigeukia.

"Katunge, nichinje?"

Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuniuliza kitu. Shule alichagua yeye. Diploma alichagua yeye. Hata rangi ya vazi langu la kwaya alichagua yeye, na ilikuwa mbaya. Leo ananiuliza, na watu wa kaunti mbili wananitazama mdomo.

Nikisema ndiyo, ni Wote, biashara, kaunta na feni, na Jonah. Nikisema hapana, mbuzi anapanda pickup kurudi kwao, na mbuzi wa ntheo akirudishwa, uchumba umekwisha, hakuna kijana anayebaki nyuma kukusalimia. Nikamtafuta Jonah kwa macho. Alikuwa ametoka nyuma ya tangi, anasikiliza.

"Asichinjwe," nikasema.

Kina mama wakavuta pumzi.

"Na asirudi."

Hapo hata mbuzi nadhani alisikia.

"Akae hapa kwa zizi letu mpaka nimalize Engineering Management. Nikimaliza, Jonah aje na wazee wake, wachinje wenyewe, tule wote tukijua. Mimi nitakula wa kwanza."

"Kwa hivyo Nairobi ni ndiyo?" Hibaq akauliza, simu iko sikioni.

"Ni ndiyo, Injinia. Waambie ni ndiyo."

Akaongea maneno machache, akanikubalia kwa kichwa. Ikawa imepita. Nafasi ilikuwa yangu.

Mzee Mbaluka alikuwa anakuna kidevu. "Sijawahi kusikia ntheo ya kungoja."

"Na ni lini mbuzi alikatazwa kungoja?" shangazi yangu akamjibu. Watu wakaangua kicheko, hata Mzee Mbaluka mwenyewe akacheka.

Mzee Musyimi hakucheka. "Mbuzi najua atangoja," akasema. "Mtu ndiye sijui." Akageuka. "Jonah, ni mbuzi wako huyo. Unamwacha hapa, ama tunarudi naye Wote?"

Jonah akapita katikati ya viti, akapita karibu nami kiasi cha kunigusa na hakunigusa. Ile nguzo iko kati ya mlango wa zizi na njia ya kutokea, na pickup yao ilikuwa imeegeshwa hapo nje, nyuma iko wazi. Akainama, akaanza kufungua fundo. Lilikuwa limekaza, akalivuta kwa meno.

Nilitaka kumwita jina. Nikamwachia achague mwenyewe.

Kamba ikafunguka. Jonah akaizungusha mkononi, akainuka, akasimama pale kati ya zizi na pickup, na mbuzi akasimama kando yake, akimngoja amwonyeshe njia.